Beringi Ikifa, Ulizeni Kilichoiua

Si jambo la ajabu siku hizi kumsikia mwenye shamba akilalamika kwamba mafundi wa kweli wamekwisha, kwamba spea zote zilizomo madukani ni za bandia, na kwamba mashine yake ya kufyekea majani, aliyoinunua kwa mali nyingi, imekula beringi ya pili kabla msimu mmoja wa mvua haujamalizika. Wala si ajabu kuwaona walio karibu naye wakimwitikia kwa kutikisa vichwa, kana kwamba hukumu imekwisha kupitishwa na mshitakiwa, ambaye daima ni fundi, hana haki hata ya kujitetea. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, nami naona ni wajibu kusema waziwazi kwamba aghalabu hukumu hiyo haina insafu ndani yake. Beringi inayokufa mara mbili mahali pamoja mara chache huwa imeuawa na mkono wa fundi. Aghalabu imeuawa na ile puli iliyochakaa ambayo mwenye mali alikataa kuitolea fedha.

Nieleze kwanza mashine yenyewe, kwa faida ya msomaji ambaye hakujaaliwa kuinama nyuma ya trekta. Slasha ya kawaida tuijuayo ina mapanga mawili au matatu yanayozunguka kwa ubapa juu ya ardhi. Lakini mashine ninayoizungumzia, ambayo huko Ulaya hutumika kusafishia kando za barabara na nafasi zilizo baina ya safu za miti ya matunda, na ambayo kwetu aghalabu hufika ikiwa imekwisha kutumikishwa miaka mingi na bwana mwingine, ina bomba nene la chuma lililolala kwa upana wa mashine, na juu ya bomba hilo vimetungikwa visu au nyundo kadha wa kadha, kila kimoja kikining'inia katika pini yake. Trekta huizungusha shafti yake ya nyuma mara 540 kwa dakika. Mwendo huo huingia katika giaboksi ukazidishwa, ukatokea ubavuni mwa mashine kwenye puli ya juu, ukashuka kwa mikanda mitatu au minne hadi puli ya chini, na puli ya chini ikalizungusha bomba kwa kasi ya mara 2,000 hivi kwa dakika. Ncha mbili za bomba hilo zimeshikwa na beringi mbili tu. Uzito wote, mtikisiko wote, mavumbi yote, na ghadhabu ya kila jiwe lililofichwa na majani huishia humo.

Watu wengi hudhani kwamba kisu kimoja kikikatika, hasara iliyopatikana ni ya kisu kimoja, na kwamba kazi inaweza kuendelea mpaka mwisho wa juma. Tupige hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Kisu cha gramu 600, kilicho umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya mhimili, kikizungushwa mara 2,000 kwa dakika, huvuta kwenda nje kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 500. Maadamu mwenzake wa upande wa pili yupo, nguvu hizo mbili hupingana zikatulia. Siku mmoja anapokosekana, nusu tani hiyo hubaki bila mpinzani, ikazigonga beringi mara 33 katika kila sekunde, mchana kutwa, na dereva aliyeketi juu ya kiti chake hana habari zaidi ya kwamba mashine inatetema kidogo. Wataalamu wawili wa Sweden, Lundberg na Palmgren, walitangaza mwaka 1947 kanuni ambayo hata leo ndiyo msingi wa kukadiria umri wa beringi, nayo yasema kwamba beringi ya gololi ikizidishiwa mzigo mara mbili, umri wake haupungui nusu kama akili ya haraka inavyodhani, bali hubaki sehemu moja tu ya nane. Mwenye kuitafakari kanuni hiyo hatashangaa tena kwa nini beringi iliyokusudiwa kudumu misimu minne haikufika hata katikati ya msimu wa kwanza.

Hata hivyo kisu kilichokatika huonekana kwa macho, na dereva mwangalifu atakibadilisha pamoja na mwenzake wa upande wa pili ili mizani isiharibike. Puli ndiyo yenye hila. Mkanda wa mashine hizi si bapa: mbavu zake zimekatwa kwa mshazari, na mfereji wa puli nao umechongwa kwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi baina ya 34 na 38, ili mkanda ushike kwa mbavu zake mbili, na tumbo lake lisiguse chini kabisa. Humo ndimo ilimo hekima yake yote, kwani kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kujikaza ndani ya mfereji. Mchanga na mavumbi yakiingia baina yao miaka na miaka, kuta za mfereji huliwa zikafanya bonde, mkanda ukazama, na tumbo lake likaanza kusugua sakafu ya mfereji mpaka sakafu ikang'aa. Na popote uonapo chini ya mfereji panang'aa, jua kwamba mkanda haushiki tena, bali unateleza. Dereva huja na malalamiko kwamba mashine haina nguvu. Fundi, ambaye hakupewa puli nyingine, hana la kufanya ila kukaza mikanda. Ikiteleza tena, huikaza tena. Na kila akazapo huivuta shafti upande mmoja, na mvuto huo wote hubebwa na ile beringi iliyo jirani na puli. Ndiyo maana beringi ya upande wa puli hutangulia kufa kuliko ile ya upande wa pili, na ndiyo maana beringi mpya iliyofungwa nyuma ya puli kuukuu huwa imekwisha kuhukumiwa kabla trekta haijawashwa.

Jambo hili nilipata kulishuhudia kwa karibu katika shamba moja mkoani Tanga, ambako mashine ya namna hii ilikuwa imelazwa chini ya mwembe, trekta imezimwa na ufunguo wake umo mfukoni mwa fundi, na chini ya chuma kumewekwa magogo mawili manene, kwa kuwa fundi huyo, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuwa tayari kuiamanisha roho yake kwa jeki peke yake. Alikwisha kuondoa kifuniko cha mikanda, akalegeza bolti ya kukazia, akaitoa mikanda kwa mkono bila kuichokoa na bisibisi. Puli ya chini ilikuwa ya namna ile iliyokazwa kwa bushi yenye mteremko. Akafungua bolti mbili, akaitia moja katika tundu la tatu lililowekwa makusudi na watengenezaji, akaikaza polepole, na bushi ikaachia kwa mlio mdogo, bila hata pigo moja la nyundo. Alipofika kwenye beringi yenyewe hakuigonga pia. Alitumia pula ya miguu mitatu, na ile ringi ya ndani ilipong'ang'ania shafti aliikata kwa uangalifu kwa grainda, akiacha uzi mwembamba wa chuma usikatwe, kisha akaupasua uzi huo kwa patasi ili asiijeruhi shafti.

Kisha akafanya jambo ambalo laiti lingefanywa katika kila karakana ya nchi hii: hakuitupa beringi iliyokufa, bali aliiosha kwa mafuta ya taa, akaipangusa, akaipeleka kwenye mwanga wa jua na kuigeuzageuza mbele ya msimamizi wa shamba. Chuma chake hakikuwa na rangi ya buluu, dalili ya kwamba haikuungua kwa kukosa grisi. Hakikuwa na vishimo vilivyopangana kwa umbali sawasawa na gololi, dalili ya kwamba aliyeifunga mara ya mwisho hakuipigilia kwa nyundo. Kutu ilikuwa kidogo tu. Lakini upande mmoja wa njia ya gololi, upande uleule ulioelekea kuvutwa na mikanda, chuma kilikuwa kimebanduka magamba magamba, na upande wa pili uling'aa kama mpya. Msimamizi, ambaye majani yalikuwa yamekwisha kumfika magotini, akasema kwa haraka: “Tia beringi, bwana, tufanye kazi.” Fundi akamjibu kwa heshima: “Nitaitia, mzee. Lakini puli hii itaiua tena, nawe utaniita tena, na utasema mimi ndiye nisiyejua kazi.” Akaingiza ncha ya kidole katika mfereji wa puli, na pale ambapo ukuta ulipaswa kunyooka kidole kilitumbukia katika bonde.

Hapa sina budi kuligusa jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Tumezoea mno kuwasifu mafundi wetu kwa uhodari wa kubuni, yaani kwa uwezo wao wa kuifanya mashine itembee bila ya vifaa vinavyostahili, na sifa hizo, ijapokuwa zinatoka katika nia njema, zimegeuka kisingizio cha wenye fedha. Shafti ikiisha kuliwa na ringi iliyokuwa ikizunguka juu yake, fundi asiyepewa fedha huchukua sindano ya chuma akaipiga shafti pointi nyingi ili ivimbe vivimbe na kuikamata beringi mpya. Mwingine hukata kipande cha bati la kopo akakizungusha humo. Kazi hutoka, mashine huzunguka, na mwenye shamba hutabasamu. Lakini vivimbe vile husagika katika saa chache, bati huraruka, beringi huanza tena kucheza, na aliyesifiwa jana kwa ubunifu hutukanwa leo kwa uzembe. Njia ya haki inajulikana na kila fundi: shafti ijazwe kwa kuchomelewa, kisha ipelekwe kwa mkereza vyuma airudishe katika kipimo chake. Siyo ujuzi unaokosekana, ila ni nauli ya kwenda mjini na malipo ya mkereza.

Wala sisemi kwamba mafundi wote hawana makosa. Yako makosa yasiyohitaji fedha kuyaepuka, na kubwa kuliko yote ni kuipigilia beringi kwa kugonga ringi ya nje hali ringi ya ndani ndiyo inayokaza, maana pigo hilo halina njia ya kupita ila katikati ya gololi, nazo huacha alama katika njia yao kabla hazijazunguka hata mara moja. Kipande cha bomba kinachokaa juu ya ringi ya ndani peke yake kinatosha; na penye nafasi, beringi isiyo na vizuizi vya mpira ikipashwa moto ndani ya mafuta yasiyozidi nyuzi 110 hutanuka ikaingia katika shafti kwa mkono, ila miali ya gesi isiielekee kamwe. Grisi nayo ina adabu zake: nipo, yaani kichuchu cha kutilia grisi, ifutwe kabla ya kutiwa grisi, la sivyo tunasukuma mchanga ndani kwa mikono yetu wenyewe, na isishindiliwe mpaka ikafurika, kwa kuwa beringi iliyojaa grisi pomoni hupata joto kwa kuisukasuka grisi hiyo. Mwisho kuna kunyoosha. Fimbo ya chuma iliyonyooka, ikilazwa juu ya nyuso za puli mbili, iguse pahali panne; ikigusa patatu, mikanda itakwenda kombo na mateso yatarejea palepale. Mikanda yenyewe ibadilishwe yote kwa pamoja, kwani mmoja mpya baina ya watatu wakongwe hubeba mzigo wa wote.

Fundi yule wa Tanga alikuwa akifuata, pengine bila kumjua, nyayo za mtu aliyeibadilisha historia ya kifaa hiki. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Gothenburg huko Sweden, palikuwa na kiwanda cha nguo ambacho beringi zake ziliharibika mfululizo, na msimamizi wa mitambo yake, Sven Wingquist, angeweza kuendelea kuagiza nyingine kutoka Ujerumani na kuzingoja, kama wengi wetu tufanyavyo. Yeye aliuliza sababu. Akaona kwamba kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi unaotulia na kusogea, na udongo ukisogea shafti ndefu hupinda kidogo, na beringi ngumu zisizojua kuinama zikavunjika. Mwaka 1907 akapata hataza ya beringi yenye safu mbili za gololi inayoweza kujielekeza yenyewe shafti ikipinda, na katika mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya SKF, ambayo jina lake latambulikana leo katika kila duka la spea, kuanzia Gerezani ya Kariakoo hata Kirinyaga Road ya Nairobi. Huyo hakuwa mwanachuoni aliyejifungia chumbani. Alikuwa mtu wa matengenezo, mwenye mikono ya grisi, aliyepewa nafasi ya kuuliza.

Na kwa upande wa pili tunao ushahidi wetu wenyewe wa kitokeacho pale ambapo mashine hutangulia na spea zikafuata baadaye. Mwaka 1947, mwaka uleule wa kanuni ya Lundberg na Palmgren, serikali ya Uingereza ilianza kule Kongwa mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta yaliyokwisha kutumika, mengine yakiwa masalio ya vita kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo mwekundu wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kupita kiasi, ulikula vyuma. Bandari na reli hazikuweza kuleta spea kwa wakati. Na matrekta mengi yakasimama. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, na mvua haikuwa ndogo miongoni mwake, lakini mtu asome habari zake na atakutana kila mara na karakana iliyozidiwa na kazi. Hazina ya dola ile ilishindwa na jambo ambalo mwenye trekta moja leo anadhani atalishinda kwa kubana shilingi za puli.

Kuhusu bidhaa za bandia, malalamiko ni ya kweli, na vyombo vyetu vya dola, kama vile Tume ya Ushindani kwa upande wa Tanzania, vina kazi ya kutosha. Ila bandia hustawi zaidi palipo na ujinga wa namba. Beringi iliyoandikwa 6206 imejitambulisha yenyewe: tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa 30, ndiyo milimita za tundu lake; na 6308 itakuwa na tundu la milimita 40. Herufi zinazofuata nazo si mapambo. Ziko zinazoeleza kama ina vizuizi vya mpira vya kuzuia vumbi, na ile C3 hueleza kwamba gololi zimeachiwa nafasi zaidi ya kawaida, ili ziwe na pa kutanukia zikipata joto. Mtu akimtuma kijana dukani na beringi iliyochakaa mfukoni bila ya namba kamili, muuzaji atampa iliyo karibu, atamwambia “ni ileile,” na ukubwa wake kweli utakuwa uleule. Tofauti itaonekana siku ya joto, shambani, mbali na duka.

Najua nitajibiwa kwamba haya yote ni maneno ya mtu asiyelipa mishahara, na kwamba puli mpya pamoja na mikanda yake na kazi ya mkereza huweza kugharimu mara nyingi bei ya beringi moja. Ni kweli. Lakini anayeleta hoja hiyo huhesabu bei ya beringi peke yake, na hahesabu trekta iliyolala, dereva anayelipwa akiwa kivulini, fundi aliyerejea mara ya pili na ya tatu, na majani yaliyokwisha kutoa mbegu. Tadbiri ya mali si kutumia kidogo leo. Iko hali moja tu ninayoikubali ya kufunga beringi mpya nyuma ya puli mbovu, nayo ni ile ya dharura ya siku chache, mwenye shamba akiwa amekwisha kuiagiza puli na kuilipia. Na hata hapo mikanda isikazwe kupita kiasi, dereva apunguze kasi ya kwenda, na aridhike kukata nusu ya eneo alilozoea.

Vyuo vya ufundi, VETA miongoni mwao, vingefanya hisani kubwa kama katika mtihani wa mwanafunzi wa mitambo vingemwekea mezani beringi iliyokufa na kumtaka aeleze imekufaje, badala ya kumpa mpya tu aifunge. Waingizaji wa mashine kuukuu nao washurutishwe kukabidhi kitabu chake, au walau karatasi yenye namba za beringi, za mikanda na za puli, maana kumuuzia mtu mashine bila namba hizo ni kumuuzia nusu ya mashine. Na mwenye shamba, ambaye ndiye niliyeanza naye, afungue daftari moja la mashine yake, aandike humo tarehe, saa zilizofanyiwa kazi, na kilichobadilishwa. Kisha asimlipe fundi mpaka ameletewa beringi ya zamani, imeoshwa, na amemwuliza imekufa kwa sababu gani. Fundi akimwambia kwamba ni grisi, amkemee dereva. Akimwambia kwamba ni puli, atoe fedha za puli.